Taa ya Zizi la Mzee Nyamhanga

Wadogo zangu wa karakana,

Siku mliponiaga mlinipa kiti cha kukunja, saa ya ukutani na maswali. Kiti nakikalia kila jioni. Saa ilisimama wiki ileile, na sishangai, kwa sababu najua nani aliyetumwa kununua betri zake. Maswali ndiyo yaliyobaki, na lililorudiwa zaidi lilikuwa hili: umeme ukikatika nyumbani, mtu anunue nini? Mmoja akasema jenereta, mwingine betri na inveta, mwingine sola, na kabla sijameza wali wangu mlikuwa mmeshajibishana wenyewe hadi soda zikaisha. Sikupata nafasi ya kusema kitu. Sasa ninayo, tena ya kutosha.

Sitaandika habari za vyeo. Vyeo vyangu vilikuwa vichache na vilichelewa, na mshahara wa serikali mnaujua kama ninavyoujua mimi. Nitaandika habari za injini moja ya petroli, zizi moja la ng'ombe na kijana mmoja aliyetaka kuoa, maana katika mambo hayo ndimo nilimojifunzia jibu la swali lenu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, mwanzo kabisa wa kazi yangu.

Niliripoti karakana ya wilaya, Tarime, nikitoka chuoni, na bisibisi mpya ya kupimia umeme nimeichomeka mfukoni ili kila mtu aione. Fundi mkuu alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Tanga aliyepanda huku bara zamani, akaoa huku, akazeekea huku. Alisema Kikurya kwa lafudhi ya kwao, na akina mama wa sokoni walikuwa wakimuuliza bei ya vitu wasivyovitaka ili wamsikie tu akijibu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaichomoa bisibisi yangu mfukoni, akaifungia kwenye droo. Akanipa ufagio.

"Anzia chumba cha betri," akaniambia. "Ukishaijua harufu ya asidi, ndipo tutaongea habari za umeme."

Nilifagia. Suruali yangu ya kaki, niliyoshonewa kwa ajili ya kazi, ilipofuliwa mara ya kwanza ikatoka na matundu kama chujio la chai. Nilidhani panya. Mzee Shabani alicheka hadi akakaa chini, kisha akanionyesha ya kwake: nayo ilikuwa na viraka tangu magotini hadi kiunoni. Tangu siku hiyo sijawahi kuibeba betri nikiwa nimeiegemeza tumboni, na nyinyi nimewaona mkiibeba hivyo hivyo hadi leo.

Umeme wa Tarime wakati huo ulitoka kwenye mtambo mmoja mkubwa wa dizeli pale mjini. Ulikohoa kama mtu mzima mwenye mafua, na watu walijua kikohozi kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuagana. Mvua ikinyesha, umeme ulikatika. Dizeli ikichelewa kutoka Musoma, ulikatika. Siku nyingine ulikatika bila sababu, nasi tulitumwa kuitafuta. Kwa hiyo wachache waliokuwa na umeme majumbani walikuja karakana kumwuliza Mzee Shabani swali mnaloniuliza leo.

Naye hakuanza na mashine hata siku moja. Alimkaribisha mtu kwenye benchi, akamwuliza, "Gizani unaogopa nini?"

Watu walichukia swali hilo. Mtu mzima hapendi kuulizwa anachoogopa mbele ya vijana wenye grisi mikononi. Mwenye duka la vitambaa alijibu anaogopa moto wa mishumaa, na Mzee Shabani akamwelekeza taa ya betri. Mganga mmoja wa zahanati alizungukazunguka sana na maneno yake, mwisho akakiri anaogopa nyoka kwenye njia ya chooni. Alikuwa amekuja kutafuta jenereta. Aliondoka na ushauri wa kununua tochi na kufyeka majani, na hakutusalimia kwa muda mrefu.

Sasa nije kwa Mzee Nyamhanga. Huyu alikuwa mfugaji, na boma lake la zamani lilikuwa mlimani, mahali ambapo mtu akipiga yowe, ukoo mzima unasikia na unatoka na mikuki. Kisha likaja agizo la kuhamia vijijini. Familia zikateremshwa, zikapangwa kando ya barabara iendayo Nyarero, nyumba kwa nyumba, kwa mstari. Juu ya mstari huo ndipo ulipopita waya wa umeme uliokwenda kwenye mashine ya kukoboa kahawa. Mzee Nyamhanga akajikuta ana vitu viwili ambavyo hakuwa navyo mlimani: majirani asiowajua vizuri na waya wa umeme juu ya kichwa.

Majirani hakuwataka sana. Umeme aliutaka. Akaomba aunganishiwe balbu moja tu, na balbu hiyo haikuingia ndani. Mimi mwenyewe niliifunga kwenye nguzo ya zizi. Mwizi wa ng'ombe hapendi kuonekana uso, na kwetu wezi wa ng'ombe hawakuwa hadithi za kutishia watoto. Walikuja kwa kundi, waliujua mlango wa zizi kuliko mwenye zizi, na kulipopambazuka ng'ombe wako walikuwa ng'ambo ya mpaka au ng'ambo ya Mto Mara wakiitwa majina mengine.

Katika zizi hilo kulikuwa na ng'ombe waliokwisha kutajwa. Walikuwa wa mahari ya Matiko, mtoto wake wa kiume, aliyekuwa akimwoa binti wa Nyansurura, upande wa Serengeti, jina lake Robhi. Wazee walikuwa wamekubaliana na ng'ombe wamechaguliwa mmoja mmoja kwa rangi na pembe. Kilichosubiriwa ni mavuno tu. Matiko alikuwa rika langu. Alikuwa na tabia ya kuwaangalia ng'ombe wale jioni, akisimama na fimbo mabegani, kwa namna ambayo nilijua hawazi maziwa.

Mzee Nyamhanga alikuja karakana baada ya umeme kukatika mara nyingi mfululizo. Mzee Shabani akamkaribisha benchi.

"Gizani unaogopa nini, mzee mwenzangu?"

"Wewe Shabani umekaa Tarime miaka yote hiyo na bado unaniuliza hilo? Wezi."

"Na mwizi akija, unamjuaje?"

"Mbwa. Na ng'ombe wenyewe, wana namna yao ya kukoroma wakiona mtu mgeni. Halafu napiga yowe, watu wanakuja."

Mzee Shabani akamshauri betri mbili za gari, balbu ndogo kama ya taa ya Landrova, na chaja ya kuzijaza betri wakati umeme upo. Umeme ukikatika, swichi inageuzwa, taa inawaka, mchezo umekwisha. Mzee Nyamhanga aliitazama ile balbu kwenye kiganja cha Mzee Shabani kama mtu aliyepewa punje moja ya mahindi akaambiwa hicho ndicho chakula cha jioni.

"Hii haitamtisha mtu," akasema, akaaga.

Baada ya muda tukaitwa kwake. Alikuwa na injini. Binamu yake wa Kenya, upande wa pili wa mpaka wa Sirari, alikuwa amemletea, ya petroli, nyekundu, na yeye mwenyewe binamu alikuwapo, amevaa koti kwenye jua, anaipigapiga mgongoni kama fahali wa maonyesho.

"Hii mashine iko na nguvu mingi," akatuambia. "Ukivuta kamba mara moja tu, inashika. Mzee wangu akiwasha hii, hata wezi wa Migori watasikia."

Mzee Shabani akasema, "Hilo ndilo linalonitia wasiwasi." Binamu akacheka sana, akidhani ametaniwa.

Kazi yetu ilikuwa kufunga swichi ya kugeuza kati ya umeme wa mtambo na umeme wa injini, na tuliifunga vizuri. Ugomvi ulikuwa mahali pa kuiweka injini. Mzee Shabani alitaka iwe mbali, nyuma ya nyumba, ndani ya kibanda chenye matundu ya moshi. Mzee Nyamhanga akakataa katakata. Kwake kitu cha thamani hakilali nyuma ya nyumba. Kinalala zizini, katikati ya ng'ombe, ambako jicho la mwenye mji halitoki.

"Mashine hii ni mali," akasema. "Mali inalala na mali."

"Mzee, ng'ombe hawatalala," nikamwambia.

"Mura, kijana wewe, ng'ombe wangu umeanza kuwajua lini?"

Alikuwa na haki, na kiboko alikuwa nacho. Akaijengea jukwaa la magogo zizini karibu na lango, akaizungushia miiba ili ndama wasiilambe. Mkewe, Mama Bhoke, alisimama mlangoni kwake amejishika kiuno, akatuuliza kama tunamwacha na trekta ndani ya zizi au vipi.

Miezi michache injini ilifanya kazi yake. Umeme ukikatika, Mzee Nyamhanga alivuta kamba, taa ikawaka, barabara yote ikasikia. Watoto wa kijiji walikuja kuitazama. Maziwa yalipungua, Mama Bhoke alisema, na fahali mkubwa akawa mkali bila sababu. Lakini Mzee Nyamhanga alikuwa akitembea kwa namna mpya, mikono nyuma, na mtu akimsalimia alijibu kwa sauti kubwa hata injini ikiwa imezimwa.

Kisha wakaja. Mimi sikuwapo. Niliitwa asubuhi yake, kwa maneno kwamba injini imeharibika, nikakuta haijaharibika, petroli ndiyo iliyokuwa imekwisha. Iliunguruma hadi tone la mwisho, mwenyewe akiwa hana habari nayo, kwa sababu alikuwa kwenye matope akitafuta nyayo. Zizi lilikuwa tupu upande mmoja. Ua wa nyuma ulikuwa umekatwa kwa panga, kazi safi, na magogo yamepangwa pembeni vizuri kana kwamba wangekuja kuyarudisha.

Mama Bhoke ndiye aliyenisimulia, huku akiendelea kuchambua mtama, kwa sababu watu wanakula hata siku ya kuibiwa.

"Mvua imeanza, umeme ukakatika saa za kula. Baba Bhoke akatoka akawasha mtambo wake. Taa ikawaka huko langoni, kweupe, unaweza kuokota sindano. Tukala. Mimi namwona mbwa mlangoni, anafungua mdomo, anafunga, anafungua, anafunga. Nikasema huyu mbwa anapiga miayo. Kumbe anabweka! Anabweka hadi povu, na mimi sisikii, nasikia tu du-du-du-du. Matiko ndiye aliyetoka."

"Hamkupiga yowe?"

"Tulipiga! Mimi mwenyewe nilipiga hadi koo likakauka. Asubuhi wanakuja majirani, wanasema, mama, tulisikia injini, tukajua mko macho, mnajilinda, tukalala."

Taa ilikuwa inamulika lango, na wezi walipita nyuma, kwenye kivuli ambacho taa hiyohiyo ilikitengeneza. Kelele iliwafunika vizuri kuliko giza. Walikuwa wamesikia kama alivyoahidi binamu, wakakaa wakangoja, na injini ilipoanza wakajua kwamba boma lote limeziba masikio. Mlimani, gizani, bila taa yoyote, mzee huyu hakuwahi kuibiwa.

Matiko na vijana wenzake walifuata nyayo. Kwetu nyayo za ng'ombe zina sheria: zikiingia katika ardhi ya watu, watu hao wanalazimika kuzipokea na kuzionyesha zinakotokea, la sivyo wanalipa wao. Lakini mvua ile iliyokata umeme ilizifuta nyayo pia. Walifika mahali pa mawe, pakawa hapana kitu. Matiko alirudi mchana, akaketi kwenye jukwaa la magogo kando ya injini, akaanza kubandua matope kwenye miguu yake kwa kijiti. Nilimhurumia sana, kwa sababu ng'ombe waliochukuliwa wengi walikuwa ni wale waliotajwa, na Nyansurura kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akimtaka Robhi na zizi lake lilikuwa limejaa.

Niliporudi karakana nikamweleza Mzee Shabani. Nilitegemea atasema alikwisha kumwonya. Akasema tu, "Maskini, kijana wa watu," kisha akaniambia nikasafishe plagi ya injini ile, kwa maana mwenyewe ataihitaji. Sikumwelewa wakati ule.

Alichokihitaji Mzee Nyamhanga ni hiki. Ng'ombe waliobaki hawakutosha mahari. Baba yake Robhi, Mzee Kisiri, alituma neno kwamba anasikitika, ni msiba wa wote, lakini binti hawezi kukaa akingoja ng'ombe wazaliwe. Basi Mzee Nyamhanga akaamua kupeleka ng'ombe aliobaki nao, na mahali pa ng'ombe waliopungua apeleke injini. Alikuja mwenyewe karakana kuniomba niende kuiwasha mbele ya wakwe. Aliongea akitazama chini. Mzee Shabani akanipa ruhusa, akanirudishia na bisibisi yangu.

Tulipanda lori la ushirika, mimi, Mzee Nyamhanga, Matiko, na injini imefunikwa turubai katikati ya magunia. Nyansurura tulipokelewa vizuri. Wazee walikaa kwenye vigoda, pombe ikaletwa kwenye kibuyu kikubwa, Robhi akapita mara moja na maji ya kunawa bila kutazama upande wa Matiko, naye Matiko akatazama mlima mzima isipokuwa huko alikopita. Injini iliwekwa uwanjani na turubai likavutwa. Wazee wakainuka, wakaizunguka kimyakimya. Mmoja akainama akatazama chini yake, mahali ambapo kwa ng'ombe ungeangalia chuchu.

"Iwashe," akasema Mzee Kisiri.

Nikavuta kamba. Ilishika mara moja, na hapo binamu hakuwa amedanganya. Ndama walivunja ua. Mbwa wote wa boma lile waliondoka, wengine hawakuonekana tena siku hiyo. Kibuyu cha pombe kikapinduka, wazee wakapiga kelele ambazo niliziona kwenye midomo tu.

"Zima! Zima!" Nilipozima, ndiyo maneno niliyoyasikia.

Mzee Kisiri alikaa, akajifuta pombe kwenye goti. Akauliza kwa upole, "Mkwe, inazaa?"

"Haizai," akasema Mzee Nyamhanga.

"Inakamuliwa?"

"Haikamuliwi. Inakunywa yenyewe. Petroli."

"Na mimi nikifa, wanangu wataigawanaje? Mmoja achukue gurudumu, mwingine kamba?"

Wazee wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Matiko alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee Kisiri akasema hawezi kuingiza mashine katika mahari ya binti yake, ukoo utamwuliza, na akaanza kusema maneno ya heshima ambayo watu husema wanapotaka wageni waondoke bila hasira. Nilianza kukunja turubai. Niliona jambo limekwisha.

"Subiri kwanza, kijana. Iwashe tena."

Aliyesema alikuwa Mzee Wambura, mjomba wake Robhi, mtu wa Natta, aliyekuja kwa ajili ya mazungumzo hayo. Alikuwa amekaa pembeni muda wote. Mzee Kisiri akamwambia awaachie ndama wake wapumzike, lakini mjomba ana heshima yake katika mahari, ikabidi niwashe. Safari hii Mzee Wambura aliisogelea, akatega sikio, akarudi nyuma hadi mwisho wa uwanja, akazidi kwenda hadi kwenye migomba, na kila alipogeuka alikuwa anatabasamu. Akanipungia mkono nizime.

"Inasikika mbali," akasema.

Hapo Mzee Nyamhanga alifanya jambo ambalo nimelikumbuka kila nilipofunga kitu nyumbani kwa mtu. Angeweza kunyamaza. Akasema, "Shemeji, nisikudanganye. Kelele hiyo ndiyo iliyonipotezea ng'ombe. Iliniziba masikio, wakapita nyuma yangu."

"Kwenu," akasema Mzee Wambura. "Kwenu mwizi anatembea kwa miguu miwili na ana akili. Kwetu mwizi ni fisi, na siku nyingine ni simba anatoka hifadhini. Huyo hakai kungoja uwashe mashine. Akisikia kitu kama hiki anahama mpaka. Mimi nalala nje nikipiga debe hadi mkono unakufa ganzi, na bado juzi amekula ndama wangu. Hii itanipigia debe."

Akasema anaichukua kwa mitamba, na mitamba hiyo iingie kwenye mahari ya mpwa wake. Mzee Kisiri akauliza mitamba ya rangi gani. Tangu hapo mazungumzo yakawa ya ng'ombe, na kila mtu pale alijua la kusema isipokuwa mimi. Nilimpa Mzee Wambura somo la kusafisha plagi na kutoweka injini karibu na ng'ombe wenyewe, akaitikia yote. Baadaye nilisikia ilidumu Natta miaka mingi na kwamba fisi wa upande ule walimchukia mzee yule kwa jina.

Njiani kurudi Matiko aliimba. Aliimba vibaya sana, na lori zima lilimvumilia.

Mimi na Mzee Shabani tukamfungia Mzee Nyamhanga betri. Zingatieni hapa, maana ndipo mnapokosea. Umeme wa betri ni mnyonge, hausafiri. Ukiuvuta kwa waya mwembamba kutoka nyumbani hadi zizini, nusu unaishia njiani, na taa inawaka nyekundu kama jicho la mlevi. Tulitumia waya mnene na mfupi, tukaziweka betri kwenye sanduku la mbao juu ya vigingi hapohapo karibu na nguzo, sanduku likaachwa matundu ya hewa juu kwa sababu betri inayojazwa inatoa gesi na gesi hiyo inalipuka. Tukamwonya asiongeze ndani ya betri maji ya mvua ya bati. Akaongeza maji ya mvua ya bati. Zikafa, tukamletea betri nyingine, na Mama Bhoke akachukua ufunguo wa sanduku. Taa ile ndogo ilimulika zizi zima, na mbwa akikuna kiroboto ulimsikia.

Harusi ikapita. Ng'ombe wakaswagwa kwenda Nyansurura, Robhi akaja. Matiko alikuwa amejenga nyumba yake upande wa pili wa uwanja, na jiko kando yake. Haukupita muda mrefu, Mzee Nyamhanga akatuma niende kuhamisha taa na betri zake.

Nilimkuta amesimama kwenye zizi lake. Lilikuwa halina kitu, majani yameanza kuota kwenye samadi. Kila mnyama aliyebaki alikuwa amekwenda na mahari. Nilimwuliza anataka taa iende wapi, akaninyooshea fimbo kule kwenye nyumba ya Matiko. Hakutaka kusogea zaidi. Kwetu baba mkwe hakaribii nyumba ya mke wa mwanawe, wala hawaongei ana kwa ana, kwa hiyo alinipa maelekezo akiwa palepale, kwa sauti ya kusikika boma zima.

"Ifunge juu ya mlango ule, fundi. Imulike mlango. Ng'ombe wangu wote wameingia humo."

Nikabeba ngazi na koleo. Nilipofika nusu ya uwanja, sauti ikatoka ndani ya nyumba. Robhi hakuwa anamwambia baba mkwe wake, ingekuwa utovu wa adabu. Alikuwa anamwambia Mama Bhoke, aliyekuwa amekaa karibu yake. Lakini aliinua sauti.

"Mama, mwambie baba asante. Mwambie mimi siibiwi. Mlango naujua hata gizani. Taa aifunge jikoni, huko ndiko najiunguza."

Mama Bhoke akatoka, akasimama mlangoni, akamtazama mumewe kwenye zizi tupu. "Baba Bhoke, umesikia, au nirudie?"

Mzee Nyamhanga aliishusha fimbo. Akaona na mimi namtazama, nimesimama katikati ya uwanja na ngazi begani.

"Mwambie nimesikia," akasema.

Nikageuza ngazi kuelekea jikoni. Robhi alitoka kwa mlango wa nyuma, mkono mmoja umefungwa kitambaa penye kidonda kibichi cha moto, akanionyesha boriti iliyo juu ya mafiga. Hapo ndipo nilipopigilia msumari.